Mia Nne Tisini na Mbili: Hotuba Kuhusu Wapigaji wa Kwanza wa Besiboli

Hotuba hii niliitoa Jumamosi iliyopita hapa Louisville, Kentucky, mbele ya wazazi na vijana wetu wanaozungumza Kiswahili. Waliokuwa zamu hawakuweza kufika, wakaniomba niiandike yote. Nimeiacha kama nilivyoisema.

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, ndugu zangu, karibuni. Vijana, najua saa hizi mngependa kuwa uwanjani, asanteni kwa kukubali kukaa nasi.

Naomba nianze kwa swali. Wangapi humu ndani mmepita barabara ya Main, pale mjini, mkaliona lile gongo refu lililoegemea jengo? Nyosheni mikono. Naam, karibu wote. Lile gongo ni la chuma, lina futi 120, yaani meta 36 na ushee, na ukisimama chini yake shingo inauma kabla hujaiona ncha. Sasa swali la pili. Wangapi mnajua kwa nini liko hapa Louisville, na si New York wala Boston? Mikono imeshuka.

Ndiyo maana niliomba nafasi hii. Watoto wetu wanacheza besiboli. Wangu ni mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Sisi wazazi tunakaa pembeni, tunapiga makofi tukiona wengine wanapiga. Tumetoka nchi za mpira wa miguu, tumekulia mpira wa makaratasi na kamba za migomba. Lakini mtoto akirudi nyumbani na majina na namba mdomoni, nawe huna la kumjibu, pana mazungumzo yanapotea kati yenu. Nimekaa na habari hizi miaka kadhaa, nikisoma na kuuliza. Leo nataka niwagawie nilichokipata kuhusu wapigaji wakubwa wa mwanzo, wa miaka ile watu walipoanza kulipwa mshahara kwa kupiga mpira kwa gongo.

Tuelewane kwanza kuhusu namba, maana mchezo huu unaishi kwa namba. Wale mliocheza rede utotoni mlikuwa mnaukwepa mpira. Huku mtu anausubiri. Mrushaji anarusha, mpigaji anapiga, na mpira ukianguka pasipo na mtu wa kuudaka, yeye akafika kituo cha kwanza salama, hilo ni pigo. Chukua mapigo yake, gawanya kwa idadi ya mara alizojaribu. Akipata 3 katika 10, wanaandika .300, na huyo ni mpigaji mzuri wa kulipwa mamilioni. Akipata 4 katika 10, yaani .400, hapo watu wanasimama. Katika zile ligi mbili kuu, ya Taifa na ya Amerika, wa mwisho kuvuka .400 kwa msimu mzima alikuwa Ted Williams mwaka 1941.

Sasa sikilizeni namba hii: .492. Mia nne tisini na mbili. Karibu nusu ya mara zote!

Mwaka 1871 kijana wa Philadelphia, Levi Meyerle, alipiga .492. Alisimama kupiga mara 130, akapata mapigo 64. Mwaka 1887 raia wa Kanada, James O'Neill, waliyemwita Tip, akiichezea St. Louis, aliandikwa vitabuni .492. Namba ileile, tarakimu kwa tarakimu, miaka 16 baadaye. Na leo ukifungua orodha ya rekodi za ligi kuu utamkuta nani pale juu? Si Meyerle. Si O'Neill.

Walikwenda wapi?

Hapo ndipo penye hotuba yangu yote. Namba haizaliwi peke yake. Ina sheria iliyoizaa, na ina watu waliofungiwa nje wakati inazaliwa. Kila mara mtoto wako akikutajia namba ya mpigaji wa zamani, muulize maswali mawili: ilipatikana kwa sheria ipi? Na nani hakuwepo uwanjani?

Tuanze na sheria.

Cincinnati mnaijua, wengine mna ndugu kule, ni chini ya saa mbili kwa gari. Mwaka 1869 timu ya Cincinnati ilitangaza hadharani kwamba wachezaji wake wote wanalipwa. Kocha alikuwa Harry Wright, mzaliwa wa Sheffield, Uingereza. Mdogo wake George, aliyekuwa nyota, alilipwa dola 1,400 kwa msimu. Mwaka ule hawakufungwa hata mchezo mmoja. Miaka miwili baadaye, mwaka 1871, kukaundwa chama cha kwanza cha timu za kulipwa, na ndimo Meyerle alimopata .492 yake.

Lakini jaribuni kuuona ule mchezo. Mrushaji alikuwa haruhusiwi kuinua mkono juu ya bega. Alirusha kwa chini, mkono ukipita karibu na nyonga. Mpigaji, kabla hajapiga, alikuwa na haki ya kuagiza: nataka mpira wa juu, au nataka wa chini. Alikuwa akiagiza kama mtu aliyeketi hotelini! Na mrushaji alitakiwa amletee pale alipoomba. Walinzi nao walidaka kwa mikono mitupu. Timu ya Meyerle ilicheza michezo 28 tu ya mashindano msimu mzima, na yeye akacheza 26.

Je, alikuwa mpigaji mbovu aliyebahatika? Hapana. Wenzake wote walikuwa na haki ileile ya kuagiza, na hakuna aliyemfikia. Ila mwaka 1969 kamati ya kumbukumbu iliamua kwamba chama kile cha 1871 hadi 1875 hakihesabiki kuwa ligi kuu. Namba ya Meyerle ikabaki vitabuni, lakini ikatolewa kwenye ngazi ya rekodi. Mtu amekufa zamani, watu wasiomjua wanaketi mezani na kuamua kama alichokifanya kilikuwa kikubwa.

Sasa niwaambie habari za mtu ninayempenda kuliko wote katika hawa, na ndiye nitakayekaa naye zaidi. Ross Barnes.

Barnes alikulia Rockford, Illinois, pamoja na rafiki yake Albert Spalding. Ndiyo, huyo ambaye jina lake mnaliona kwenye mipira madukani. Walikwenda pamoja Boston mwaka 1871, na mwaka 1876 wakahamia pamoja Chicago, mwaka uleule ilipoanzishwa Ligi ya Taifa. Louisville yetu ilikuwa miongoni mwa timu nane za mwanzo. Tarehe 2 Mei 1876, Barnes alipiga homurani ya kwanza katika historia ya ligi ile, yaani pigo la kumwezesha mpigaji kuzunguka vituo vyote. Mwisho wa msimu alikuwa na .429. Bingwa wa kwanza wa kupiga wa Ligi ya Taifa ni yeye.

Alikuwa na ufundi mmoja, na naomba nisimame niwaonyeshe. Kijana, niazime hilo gongo lako. Asante.

Sheria ya wakati ule ilisema hivi: mpira ukigusa ardhi kwanza ndani ya mstari wa pembeni ya uwanja, ni halali, hata kama baada ya hapo umetoka nje. Leo mpira ukitoka nje ya mstari kabla ya kufika kituo cha kwanza au cha tatu, umekufa. Wakati ule ulikuwa hai. Basi Barnes hakuupiga mpira kwenda mbali. Alikuwa akiukata, hivi, kutoka juu kuja chini, kwa kuuinamisha mkono. Mpira unagonga udongo hatua moja tu kutoka miguuni pake, ndani ya mstari kwa upana wa kiganja, kisha unazunguka kama pia na kutimkia kule pembeni, nje kabisa, kwenye uzio na viti vya watazamaji. Mlinzi wa kituo cha tatu anageuka kuufukuza. Akisharudi nao, Barnes yuko kituo cha kwanza, pengine cha pili, amesimama.

Mlinzi akijua anakuja Barnes, anasogea karibu na mstari. Akisogea, ameacha nafasi upande wa pili. Barnes anapiga pale alipotoka. Ungefanya nini?

Watu walilalamika. Walisema ni ujanja, si upigaji. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Jaribuni wenyewe kesho kuuangusha mpira unaokuja kwa kasi ndani ya mstari kwa upana wa kiganja, kisha uzunguke kuelekea nje. Jaribuni mara kumi. Barnes aliisoma sheria ilivyoandikwa, akaifanyia mazoezi mpaka ikawa mali yake.

Kabla ya msimu wa 1877 sheria ikabadilishwa. Ule ufundi ukafutwa kwa mstari mmoja wa wino. Mwaka uleule Barnes akashikwa na homa iliyomchukua nguvu zote. Alicheza michezo 22 tu, wastani ukashuka hadi .272. Klabu ikamkata mshahara wa siku alizougua. Akaenda mahakamani kudai haki yake, akashindwa. Wazazi wangu, ninyi mnaofanya kazi kwa saa, mnaelewa uchungu huo bila mimi kuueleza.

Kwa miaka mingi watu wameandika kwamba Barnes alikwisha kwa sababu sheria ilimwondolea ujanja wake. Mimi nauliza: na ile homa? Mtu aliyekuwa mgonjwa kitandani anahukumiwa kama aliyekuwa mzima. Alijaribu kurudi, hakuwa tena yule. Hayumo kwenye Jumba la Mashujaa la besiboli pale Cooperstown, kwa sababu wanadai mtu awe amecheza misimu kumi, na yeye homa haikumpa kumi.

Sasa nirudi kwa O'Neill. Nitapita haraka, maana habari yake ni fupi. Mwaka 1887 wakuu wa ligi waliamua mambo mawili. Kwanza, mpigaji atolewe kwa makosa manne badala ya matatu. Pili, mrushaji akirusha vibaya mara nyingi hadi mpigaji akapewa kituo cha kwanza bure, basi nalo lihesabiwe kuwa pigo! Msimu mmoja tu. Mwaka uliofuata wakaona haliko sawa, wakalifuta. Baadaye watu wa takwimu wakamwondolea O'Neill vile vituo vya bure, wakabaki na mapigo aliyoyapiga kweli. Ikatoka .435.

Na .435 bado ni kitu kikubwa mno! Mwaka ule O'Neill aliongoza ligi yake kwa wastani, kwa homurani, na kwa mapigo ya vituo viwili na ya vituo vitatu. Mkanada huyu hakuhitaji msaada wa karani. Karani alimpa zawadi asiyoiomba, kisha akanyang'anywa, na watu wanakumbuka kunyang'anywa kuliko kupiga.

Jambo jingine la sheria, kisha niache. Mwaka 1893 mrushaji alirudishwa nyuma. Mwanzo alisimama ndani ya kisanduku ambacho mstari wake wa mbele ulikuwa futi 50 kutoka kwa mpigaji. Wakamweka kwenye kibao, futi 60 na inchi 6, hapohapo alipo hadi leo. Mpigaji akapata nukta ya kuuona mpira. Wastani wa Ligi ya Taifa nzima, wachezaji wote kwa jumla, ulikuwa .245 mwaka 1892. Mwaka 1894 ulikuwa .309. Philadelphia walikuwa na walinzi wanne wa sehemu ya mbali ya uwanja, Delahanty, Thompson, Hamilton na Turner, wote wanne juu ya .400. Na pale Boston mtu mfupi mwenye bidii, Hugh Duffy, akapiga .440. Namba hiyo ya Duffy ishikeni, tutairudia.

Sasa tuje nyumbani. Nyumbani hapa Louisville.

Mwaka 1861 alizaliwa katika mji huu mtoto aliyeitwa Louis Browning, wakamzoea kwa jina la Pete. Alipokuwa mdogo alipata ugonjwa wa mfupa wa nyuma ya sikio. Ukamwachia uziwi na maumivu ya kichwa yasiyoisha. Shule hakuweza kuifuata kwa sababu alikuwa hamsikii mwalimu, akakua bila kusoma wala kuandika vizuri. Kuna wazazi hapa wenye watoto wa namna hiyo. Najua mpo.

Mwaka 1882, msimu wake wa kwanza katika timu ya kulipwa ya mji huu, Browning alipiga .378 na kuwa bingwa wa ligi yake. Msimu wa kwanza! Akawa bingwa tena mwaka 1885, na tena mwaka 1890. Kwa maisha yake yote ya uchezaji wastani wake ni .341. Wako wachache sana katika historia yote ya mchezo huu waliomzidi.

Alikuwa akiyapa magongo yake majina. Aliamini kila gongo lina idadi yake ya mapigo ndani, na yakiisha, halina tena kitu, linastaafishwa. Aliyaweka nyumbani, mamia. Alikuwa akiongea nayo. Watu walimcheka kwa hayo. Lakini fikirini: mtu asiyesikia wenzake wanasema nini, asiyeweza kusoma magazeti yanayomsifu wala yanayomtukana, ana kitu kimoja mkononi ambacho hakihitaji masikio. Uziwi huo ulimfanya adhihakiwe kama mlinzi, maana mwenzako akikuitia mpira usimgonge, wewe humsikii. Maumivu yaliyomkaa kichwani aliyazima kwa pombe, na pombe ikawa ugonjwa wa pili.

Sasa lile gongo la barabara ya Main. Kampuni yenyewe inasimulia hivi: mwaka 1884 kijana wa miaka 17, Bud Hillerich, ambaye baba yake alikuwa fundi seremala hapa mjini, alikwenda kutazama mchezo. Gongo la Browning likavunjika. Kijana akamwita karakana kwa baba, wakachagua ubao, akauchonga kwenye mashine huku Browning akiujaribu kila mara. Kesho yake Browning akapata mapigo matatu. Wapo wanahistoria wanaosema hadithi hii imepambwa. Sitawaapia kwamba kila neno ni kweli. Lakini baba Hillerich alikuwa mtu wa kuchonga nguzo za vitanda na vyombo vya kusukia siagi, hakutaka kazi ya magongo. Mwana ndiye aliyeshikilia. Na jina lililochapwa kwenye magongo hayo tangu 1894, Louisville Slugger, ndilo lile lililoandikwa kwenye chuma kile mnachopita mkienda kazini.

Nilimpeleka mwanangu pale kiwandani. Ubao wa mti wa maple unaingia kwenye mashine ukiwa gogo duara, na kwa muda wa kupumua mara chache unatoka gongo, maganda yakiruka kama manyoya ya kuku. Harufu ni ya mbao mbichi, kama karakana yoyote ya Kigoma au Bukavu. Wanampa kila mgeni kigongo kidogo cha kwenda nacho nyumbani. Mwanangu amekiweka kichwani mwa kitanda.

Hiyo ndiyo sehemu nzuri ya mji wetu. Sasa nawaomba mnisikilize sehemu nyingine ya mji huohuo.

Nimesema maswali ni mawili. La pili ni: nani hakuwepo?

Mwaka 1881 ilikuja Louisville timu kutoka Cleveland. Mdakaji wao alikuwa kijana mweusi, Moses Fleetwood Walker, mzaliwa wa Ohio, aliyesoma chuo cha Oberlin. Timu ya hapa ikakataa kucheza kama Walker yuko uwanjani. Wakamweka mzungu adake. Baada ya muda mfupi yule mzungu mkono ukaumia, akasema hawezi kuendelea. Basi watazamaji, watu wa mji huu, wengi wao wazungu, wakaanza kupaza sauti kumtaka Walker! Akashuka, akavua koti, akaanza kupasha mwili, na wakaona anavyodaka. Wachezaji wawili wa Louisville wakaondoka uwanjani. Walker akarudi kukaa.

Miaka mitatu ikapita. Timu ya Toledo, Ohio, ikaingia ligi kuu ikiwa na Walker. Mchezo wake wa kwanza kabisa katika ligi kuu ulikuwa tarehe 1 Mei 1884. Ulichezwa wapi? Hapa. Louisville. Mbele ya mji uleule uliomkalisha. Siku ile alidaka vibaya, alifanya makosa kadhaa, na timu yake ikafungwa. Mimi nikisoma habari ya siku ile sioni mdakaji mbovu. Namwona mtu aliyerudi mahali alipofukuzwa, anachuchumaa, na kila sauti nyuma yake anajua maana yake.

Wanangu wanaodaka, niangalieni. Mwanangu ana glovu nene kama mto, na bado Jumapili asubuhi kidole gumba kimevimba. Walker alidaka kwa mikono mitupu, au kwa ngozi nyembamba tu. Na mrushaji wake hodari kule Toledo, Tony Mullane, alikiri miaka mingi baadaye kwamba Walker ndiye alikuwa mdakaji bora kuliko wote aliofanya nao kazi, lakini kwa kuwa hakutaka kuelekezwa na mtu mweusi, alikuwa akirusha anachotaka bila kutazama ishara zake. Mnaelewa maana yake? Mdakaji anaomba mpira wa kunyooka, unakuja wa kupinda, na yeye ana mikono mitupu. Msimu mzima. Na bado, katika hali hiyo, alipiga .263, wakati wastani wa ligi nzima ulikuwa chini ya hapo. Alicheza michezo 42, kisha majeraha yakamtoa.

Na huku Chicago alikuwepo mpigaji mkubwa kuliko wote wa karne ile, Cap Anson. Misimu 27 ya kulipwa. Wa kwanza kufikisha mapigo 3,000, ingawa hesabu yake hutofautiana kitabu kwa kitabu, na mojawapo ya sababu ni kile kituko cha 1887 nilichowaeleza. Agosti 1883 Anson alikwenda Toledo na timu yake, akasema hachezi na mtu mweusi. Kocha wa Toledo, Charlie Morton, siku ile alikuwa hana mpango wa kumchezesha Walker kwa sababu mkono wake ulikuwa unauma. Kusikia vile akamwingiza makusudi, akamwambia Anson: usipocheza, unapoteza fedha za mlangoni. Anson akacheza.

Lakini tarehe 14 Julai 1887, kule Newark, Anson alifanikiwa. Walker na mrushaji mweusi George Stovey hawakucheza dhidi yake. Na siku ileile wakuu wa ligi ya Newark, iliyoitwa ya Kimataifa, walipiga kura wasiidhinishe tena mikataba mipya ya wachezaji weusi. Katika ligi hiyohiyo, mwaka huohuo, alikuwepo Frank Grant wa Buffalo, kijana mweusi aliyekuwa tishio kwa kila mrushaji. Mlango ukafungwa polepole, bila sheria iliyoandikwa, kwa makubaliano ya kimyakimya. Machi 1888 mdogo wake Walker, Weldy, aliyecheza naye Toledo, aliandika barua ya wazi gazetini kupinga. Hawakumsikiliza. Katika ligi kuu, mlango ulibaki umefungwa hadi Jackie Robinson, 15 Aprili 1947.

Basi ukisoma kwamba Anson alikuwa bingwa wa 1888, au Duffy wa 1894, au Willie Keeler wa Baltimore aliyepiga .424 mwaka 1897 akiwa na kimo cha futi 5 na inchi 4 tu, uliza. Sisemi hawakuwa hodari. Keeler alikuwa mwujiza. Nasema waliwashinda walioruhusiwa kushindana nao. Frank Grant angepiga ngapi katika 1894, mrushaji alipokuwa amerudishwa nyuma? Hatutajua kamwe. Hiyo namba haipo kwa sababu mtu aliifungia nje.

Nimewaambia mshike namba ya Duffy, .440. Ilikaa juu ya orodha kwa miaka mingi. Mei 2024 ligi kuu ilizichanganya rasmi takwimu za ligi za watu weusi za 1920 hadi 1948 na zile nyingine. Asubuhi ile jina la kwanza kwenye orodha ya msimu mmoja likawa la Josh Gibson, .466, mwaka 1943. Na kwenye orodha ya maisha yote, akampita Ty Cobb aliyekuwa wa kwanza. Gibson alikufa Januari 1947, ana miaka 35, miezi mitatu kabla ya Robinson kuingia uwanjani. Kaburi lake lilikaa bila jiwe hadi 1975.

Kuna waliokasirika. Walisema huwezi kulinganisha, misimu ile ilikuwa mifupi, michezo michache. Mimi nawaambia: Meyerle alicheza 26. Barnes alikuwa na ujanja wa mstari. O'Neill aliongezewa na karani. Duffy alirudishiwa mrushaji nyuma. Lini namba hizi zilikuwa na kipimo kimoja?

Nimalizie na shughuli ya kesho. Pete Browning alikufa hapa Septemba 1905, miezi michache baada ya kuwekwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Amezikwa kwenye makaburi ya Cave Hill. Jiwe lake la kwanza lilikosea jina lake. Ninyi ambao vitambulisho vyenu vimeandikwa herufi zisizo zenu tangu kambini, mnalijua hilo. Mwaka 1984 liliwekwa jiwe jipya, jina likiwa sahihi. Kesho, saa nane mchana, tunakutana lango la barabara ya Baxter. Gari la mzee wangu pale mbele lina nafasi nne, langu tatu. Vijana, mje na magongo yenu. Wadogo wanaojifunza kusoma watatusomea jina lile kwa sauti, herufi moja moja, na mwanangu atakileta kile kigongo.